Pombe Ndani ya Neno la Harusi

Mchungaji mpya alipoletwa kanisani kwetu, juu kidogo ya Kiptere, jambo la kwanza nililogundua ni kwamba aliyapenda maneno ya Kiingereza kuliko mimi ninayelipwa kuyafundisha.

Alikuwa bado kijana, hajafika arobaini, mzaliwa wa upande wa Sigor, mwenye sauti inayowafikia hata wale wanaokaa nje kwenye nyasi. Akihubiri alichanganya Kiswahili, Kipsigis na Kiingereza, jinsi sisi sote tunavyoongea hata sokoni. Lakini Kiingereza alikipasua. Alichukua neno moja, akalipiga katikati kama mtu anayepasua kuni, kisha akatuonyesha kilichomo ndani. "History" aliigawa mara mbili: his, story. Yaani hadithi yake, ya Mungu mwenyewe. Watu wakasema amina. Jumapili iliyofuata akaipasua "family". F ni Father, A ni And, M ni Mother, I ni mimi, L ni Love, Y ni You. Baba na mama, ninawapenda. Kwaya ilirudia herufi moja baada ya nyingine, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akamkumbatia mtoto wake hadi mtoto akalalamika.

Mimi nilikuwa nimekaa na mume wangu. Yeye ni mzee wa kanisa, na nyumbani ni mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa, mtu mtulivu asiyependa ubishi wa aina yoyote. Tumeishi pamoja muda wa kutosha kwake kujua ninachofikiria kabla sijageuza kichwa. Aliweka kiatu chake juu ya kiatu changu, akakikandamiza polepole.

"Nyamaza," alininong'oneza.

"Sijasema kitu."

"Unataka kusema."

Ni kweli nilitaka. Ninafundisha Kiingereza katika shule ya kutwa ya wasichana, mwendo mfupi kutoka kanisani, na hamu ya kujua maneno yametoka wapi ilinishika nikiwa bado chuoni. Nilinunua kamusi kuukuu, nene kama tofali, mjini Kericho. Mwishoni mwa kila neno kulikuwa na maandishi madogo yaliyoeleza limetoka kwa nani: Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, lugha za watu wa kaskazini waliokuja Uingereza kwa mashua. Nilikuwa nikitafuta neno moja, nikajikuta nimesoma kurasa nzima na chai imepoa. Kabla ya hapo nilidhani Kiingereza kilishuka kikiwa kimekamilika, kama sheria za shule. Kumbe kimeokota vitu kila mahali kilipopita. Kumbe "muscle" kwa Kilatini ni panya mdogo, kwa sababu ukikunja mkono ule msuli unatembea chini ya ngozi kama panya. Kumbe "window" ni jicho la upepo, jina lililotoka wakati dirisha lilikuwa tundu tu ukutani. Tangu nisome hilo, nikifungua madirisha asubuhi na ukungu ukaingia kutoka kwenye mashamba ya chai, huwa naona jina hilo lilipewa na mtu aliyejua baridi.

Kwa hivyo mtu akiniambia "family" ni herufi za kwanza za maneno sita, ninawashwa mwili mzima. Lakini Jumapili ile nilinyamaza, nikaenda nyumbani, nikapika.

Jumatatu niliingia darasa la kidato cha pili. Tulikuwa tukisoma kifungu kuhusu maisha ya nyumbani, na msichana mmoja, mtoto wa muumini wa kanisa letu, akainua mkono akatoa ile tafsiri ya Father And Mother kwa fahari kubwa. Darasa zima likaimaliza pamoja naye. Wasichana wale huenda makanisa tofauti tofauti, lakini tafsiri ilikuwa imekwisha kuwafikia wote.

Ningeiacha ipite. Ila yeye mwenyewe aliniuliza, "Madam, ni ya kweli?"

"Si ya kweli," nikasema. "Neno hili ni la zamani sana, limetoka Kilatini. Warumi wakisema familia, hawakuwa na maana ya baba na mama peke yao. Walikuwa na maana ya watu wote wa nyumba moja, na hasa watumishi. Mzizi wake ni neno la mtumwa wa nyumbani."

Yule msichana alikunja uso.

"Kwa hivyo Pastor alidanganya?"

"Hakudanganya. Alitupatia alichopewa. Baba na mama tuendelee kuwapenda, lakini si kwa sababu ya herufi."

Nilidhani nimelimaliza vizuri. Lakini kwetu habari hupanda mlima haraka kuliko bodaboda. Maziwa ya jioni yalipokuwa yanapelekwa, mchungaji alikuwa ameshasikia kwamba mke wa mzee wa kanisa amelipinga neno lake mbele ya watoto.

Alikuja kesho yake alasiri, kwa miguu, akipita njia ya mkato katikati ya chai. Mvua ilikuwa imenyesha, na suruali yake ililowa hadi magotini. Mume wangu alimwona kwanza kutoka zizini.

"Mama," aliniita, "yule anakuja. Weka chai."

Tukamkaribisha, akaketi, akaomba kabla ya kunywa. Maombi yalikuwa marefu kuliko kawaida. Kisha akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Madam, nimesikia kuna neno langu limekatwa shuleni."

"Halikukatwa, Pastor. Niliulizwa, nikajibu."

"Ni sawa." Akanywa kidogo. "Ile ya Father and Mother niliipata kwa semina Nakuru. Mtu aliyetufundisha alikuwa amevaa suti nzuri sana."

Mume wangu alicheka ndani ya kikombe chake, akajifanya anakohoa.

"Na ile ya history?" mchungaji akauliza.

"Hiyo pia," nikasema. Sikuona njia ya kuizunguka. "Ni Kigiriki. Wagiriki hawakuwa na 'his' wala 'story'. Kwao neno hilo lilikuwa na maana ya kuuliza, kuchunguza mambo mpaka ujue yalivyokuwa."

"Kwa hivyo mtu wa historia ni mtu wa kuuliza."

"Ndiyo."

"Hiyo ni nzuri kuliko yangu," akasema polepole, kama mtu aliyeonja kitu asichokitarajia. Akaweka kikombe chini. "Jumapili baada ya ibada, watu wakinywa chai, simama utuelezee hiyo ya family. Mimi nitakaa nisikilize."

"Pastor, itakuwa kama nakuaibisha."

"Aibu nimeshapata tangu jana, Madam. Sasa nataka kujua."

Alipoondoka, mume wangu alibaki mlangoni akimwangalia akishuka kati ya mistari ya chai. Alisema yule ni mtu. Hakuongeza kitu, akarudi kukamua.

Jumapili hiyo nilivaa mara mbili, kwa maana nilivaa nikavua nikavaa tena. Nimesimama mbele ya wasichana zaidi ya nusu ya maisha yangu, lakini kusimama mbele ya watu waliozeeka katika imani ni jambo jingine. Ibada ilipoisha tulitoka uani, ambako chai humiminwa kutoka sufuria kubwa hadi vikombe vya plastiki. Mchungaji alipiga makofi mawili watu wanyamaze.

"Juma lililopita niliwafundisha neno moja kwa njia isiyo sawa," alisema. "Mwalimu wetu atanyoosha."

Nikasema nilichosema darasani. Nyumba ya Kirumi, watumishi wake, neno lilivyosafiri hadi Kiingereza likapoteza watumwa njiani likabaki na baba, mama na watoto. Watu walinisikiliza kwa adabu, na uso wa kila mmoja ulionyesha kwamba ameipenda zaidi ile ya kwanza.

Mzee mmoja akainua mkono. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu mrefu anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka.

"Madam," alisema, "ile ya Pastor ilikuwa na baba, na mama, na upendo. Hii yako iko na watumwa. Sasa sisi tupeleke gani nyumbani?"

Watu wakacheka. Aliyejibu ni mwimbaji mkongwe kuliko wote katika kwaya, bibi ambaye kanisa zima humwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa ameketi kwenye kiti pekee kilichotolewa nje.

"Mzee," alisema, "kwako nani hupika? Nani huchota maji? Nani hubeba majani chai mpaka kwa mzani? Wewe unakaa ukingoja chakula. Hiyo neno ya mwalimu inajua kwako vizuri."

Kicheko kilichofuata kiliwafanya hata wapita njia wasimame kando ya ua. Mzee mwenyewe alitabasamu kidogo, akarudi kwenye kikombe chake. Lakini niliona kwamba nikiwaacha hapo, nitakuwa nimewapokonya kitu kitamu nikawapa kikavu. Nikainua kikombe changu.

"Hii ni nini?"

"Chai," wakasema.

"Na Mwingereza anaiitaje?"

"Tea."

Nikawaeleza kwamba majina yote mawili yametoka nchi moja, Uchina, kwa jani lile lile. Watu wa pwani moja huko waliliita kwa sauti ya "te", na Waholanzi waliokuja na meli wakalibeba jina hilo hadi Ulaya. Sehemu nyingine za Uchina walisema "cha", na hilo likatembea nchi kavu, mkononi mwa wafanyabiashara, kupitia Uajemi na Uhindi, likawa chai. Wengi waliokuwa wakinisikiliza walikuwa na madoa meusi ya majani kwenye vidole, yale yasiyotoka hata kwa sabuni. Hakuna aliyesogea.

"Jani moja, barabara mbili," akasema yule mzee wa koti la mvua.

"Barabara mbili."

"Na yetu ilikuja na gani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria kabla. Nikalifikiria pale pale, nikiwa nimesimama. "Mche ulikuja na watu wa 'tea'," nikasema. "Jina likaja na watu wa 'chai'. Vikakutana hapa kwetu mlimani."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa mpaka wa shamba akauona ni wa haki. Nikaendelea na sukari, maana ilikuwa ndani ya vikombe: kwamba "sugar" na sukari ni mtu na ndugu yake, kwamba neno lilianza Uhindi likapita kwa Waarabu, mmoja akaelekea Uingereza, mwingine akashuka pwani yetu, na sisi Wakipsigis tukaliongezea mkia wetu likawa sukaruk.

"Kumbe nimekuwa nikiongea Kiingereza siku hizi zote," akasema Kogo, "na hakuna mtu aliniambia."

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Jumapili baada ya ibada, chai ikimiminwa, mtu mmoja au wawili wangenijia na neno. Mhudumu wa zahanati aliniletea "muscle", na vijana wote wakakunja mikono kumtafuta panya. Msichana aliyekuwa anaenda chuo aliniletea "lady". Nikamwambia kwamba zamani sana lilikuwa na maana ya mwanamke anayekanda mkate.

"Na 'lord'?" akauliza.

"Mlinzi wa mkate."

Kogo, ambaye hakukosa hata siku moja, akataka kujua mkate ulikuwa ukilindwa dhidi ya nani, ikiwa mwenye kuukanda yuko hapo hapo nyumbani. Kamusi yangu haikufika huko.

Mchungaji naye alibadilika, ingawa hakuacha kupasua maneno. Jumamosi alasiri simu yangu ingelia. "Madam, hili lina mizizi ama ni la semina?" Tukawa tunasema hivyo: neno la mizizi, neno la semina. Mengi aliyoniletea yalikuwa ya semina. Aliyatupa bila kulalamika, na mahubiri yake hayakupungua utamu hata kidogo.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuwahi kuniletea neno, yule mzee wa koti la mvua. Alisimama mbali kidogo na kundi, akiwa amegeuka upande, lakini kwa umbali ambao angeweza kusikia. Mume wangu alisema kwamba mzee hakunikasirikia, ila kuchekwa na kanisa zima ni mzigo ambao mtu huutua polepole.

Kisha binti yake akachumbiwa na kijana wa Kaplong. Wazazi wa kijana ni Wakisii waliohamia huko zamani, wakafungua duka, wakakaa. Harusi ikafanywa kwao Kaplong, na kanisa letu likakodi mabasi mawili madogo kwenda huko. Mahema yalitandazwa kwenye uwanja wa shule, Wakipsigis upande mmoja na Wakisii upande mwingine, na katikati meza ya keki. Mshereheshaji alikuwa kijana wa mjini mwenye suruali ya kubana na Kiswahili cha mtaani. Mchana kutwa alikuwa akiita "bridal party" waje huku, "bridal party" waende kule, na kwa midomo yetu ya Kipsigis wote tukamfuata tukisema "praidal", hakuna aliyeona tofauti.

Baada ya chakula akashika kipaza sauti. "Nimeambiwa wageni wetu wa Kiptere wako na Madam noma sana wa maneno. Madam, kuja utufungulie hii neno 'bridal'. Imetoka wapi?"

Nilisimama. Nilijua imetoka wapi.

Lazima nieleze kwamba kanisa letu halina mchezo na pombe. Haionjwi, haiuzwi, haitajwi ila katika kuikemea. Na katika kanisa zima, aliyeshuhudia mara nyingi dhidi yake ni baba wa bibi harusi, mzee wetu wa koti la mvua, ambaye siku hiyo alikuwa amevaa suti. Kila mwaka alitusimulia jinsi alivyomwaga mtungi wa mwisho nyuma ya nyumba yake siku aliyookoka, na kuku wakalewa.

"Naomba nifungue neno lingine," nikasema. "'Husband' ni neno zuri sana."

"Zii, Madam, bridal," akasema kijana, na hema la Wakisii likapiga makofi. Mchungaji alikuwa akinitazama kwa furaha, bila kujua lolote. Mume wangu alikuwa meza ya wazee, mbali, kiatu chake hakingenifikia.

Ningeweza kutunga. Sauti za "b" na "r" zingetosha kutengeneza kitu cha semina, na kila mtu angekwenda nyumbani na furaha. Lakini wanafunzi wangu watatu walikuwa wamekaa chini ya hema, wakinisubiri.

"Neno hili zamani lilikuwa mawili," nikasema. "La kwanza ni bibi harusi. La pili ni pombe."

Makofi yakakoma.

"Waingereza wa kale wakifanya harusi, walipika pombe ya siku hiyo, na sherehe yenyewe wakaiita hivyo: pombe ya bibi harusi. Maneno mawili yakashikana. Baadaye watu wakasahau, mkia wa neno ukasikika kama mikia ya maneno mengine, hakuna aliyejua tena ni pombe. Lakini iko mle ndani mpaka leo."

Niliketi. Kilichosikika ni jenereta tu. Ndipo nikamwona baba wa bibi harusi akiinuka. Alitembea polepole hadi katikati, akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti. Nikawaza kwamba sasa ananirudishia yale ya "family", mbele ya wakwe, na kwamba labda nimestahili.

"Siku yangu ya koito," alianza, akawageukia Wakisii, "yaani siku ya watu wetu kwenda kuposa, wazee hawangeweza kuongea bila pombe ya wimbi. Ni mama yangu aliitengeneza. Aliitengeneza kwa siku nyingi, na alikuwa anaimba. Wazee wakakunywa, wakaongea, wakakubali, na mimi nikapata mama ya huyu msichana." Akamtazama binti yake. "Baadaye niliokoka, nikaiacha, na sijutii. Lakini watoto wangu huniuliza, kwa nini watu wenu walifanya harusi na mambo ya giza? Sikuwa na jibu. Mama yangu alikufa kabla kanisa halijafika kwetu, na mimi nimekuwa nikiogopa kumtaja."

Akanitafuta kwa macho hadi akanipata.

"Leo nimesikia kwamba hata watu wa hao waliotuletea kanisa walikuwa na pombe kwa harusi mpaka ikaingia kwa jina. Kwa hivyo mama yangu hakuwa mtu wa giza. Alikuwa mama ya bwana harusi. Asante, mwalimu."

Akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa. Bibi harusi alikuwa ameweka kitambaa machoni bila kujali vipodozi. Kutoka hema la Wakisii mzee mmoja alisimama, akasema kwamba hata kwao ilikuwa vivyo hivyo, wimbi lile lile, akaketi. Kogo akapiga vigelegele, na wanawake wa pande zote mbili wakamfuata.

Mchungaji alisubiri vipungue. Akachukua kipaza sauti, uso wake ukiwa umetulia kabisa. "Pombe imetajwa," alisema, "haijaletwa. Wahudumu, leteni chai."

Walicheka mpaka mahema yakatikisika. Lakini hakuniacha na neno la pombe, akaniuliza pale pale, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua: "Na 'wedding' yenyewe, Madam?"

"Hilo ni ahadi," nikasema. "Si ahadi ya mdomo tu. Ni ile ambayo mtu anaweka kitu mkononi mwa mwenzake ili ijulikane hatarudi nyuma."

Wazee wa pande mbili, waliokuwa wamepatana juu ya ng'ombe wa mahari majuma machache kabla, waliangaliana wakaitikia. Mchungaji aliwaita bibi na bwana harusi wasimame, akawaambia kwamba kuanzia leo wao ni watu wa kitu kilichowekwa mkononi, akawabariki kwa maneno machache. Sijawahi kumsikia akiomba kwa ufupi namna ile.

Jumapili iliyofuata, uani, mzee wa koti la mvua alikuja moja kwa moja hadi kwangu.

"Siku ile ulitaka kufungua 'husband', ukakatazwa. Fungua sasa."

Nikamwambia lililetwa na watu wa kaskazini, na maana yake ni mkaaji wa nyumba, mwenye makao yake.

"Mkaaji," alirudia. Akatazama nyuma yake, pale kwenye kiti. "Tafadhali Kogo asisikie hiyo."

Kanisa letu huhamisha wachungaji, na zamu yake ilipofika alipelekwa Chepalungu, karibu na kwao Sigor, ambako hakuna chai, ni mahindi na ng'ombe na jua. Tulimuaga uani, tukampa blanketi na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Mke wake alilia, watoto wake wakakimbizana. Yeye aliomba neno moja la mwisho, na nilikuwa nimejiandaa.

"'Goodbye'," nikasema. "Watu hudhani ni 'good', uzuri. Si hivyo. Ilikuwa sentensi nzima: Mungu awe nawe. Watu wameisema haraka haraka, miaka na miaka, ikabanwa ikawa neno moja."

Alinitazama kwa mashaka. "Maneno yamebanwa yakawa neno moja?"

"Ndiyo."

"Madam, hiyo si ya semina?"

"Si ya semina, Pastor. Ni ya mizizi."

Akacheka, akasema kumbe hata yeye na kupasua kwake angepatia moja siku moja kama angevumilia. Kisha akatuambia goodbye, mmoja mmoja, kwa mkono, akilitamka polepole.

Huku kwetu tuna mchungaji mwingine sasa, mpole, ambaye hahubiri kwa Kiingereza kabisa. Chai baada ya ibada inaendelea na maneno yanaendelea. Yule wa Sigor bado hunipigia simu Jumamosi. Mara ya mwisho alikuwa na haraka.

"Madam, kuna mbwa ameingia kanisani juma lililopita, akalala mbele ya madhabahu mpaka mwisho. Watoto wameniuliza 'dog' imetoka wapi. Nimewaahidi kesho."

Nikafungua kamusi, kisha simu, kisha kamusi tena. Nikampigia. "Hakuna anayejua, Pastor. Neno la zamani lilikuwa jingine, lile lililozaa 'hound'. Hili la 'dog' lilitokea tu. Halina ndugu katika lugha zilizo karibu, na hakuna aliyeona lilikotoka. Wasomi wamelitafuta wakachoka."

Nikasikia ng'ombe nyuma yake.

"Kwa hivyo nisimame mbele ya watu niseme sijui."

"Sema hujui."

Siku iliyofuata alinipigia baada ya ibada. Alisema alisimama akasema hajui, na wala Wazungu hawajui, na watu walifurahi kuliko neno lolote alilowahi kuwafungulia. Mzee mmoja alimshika mkono mlangoni akamshukuru. Nikamuuliza mbwa mwenyewe yuko wapi. Akasema mama mmoja wa kwaya amemchukua kwake, na asubuhi hiyo mama huyo alimkuta amejilaza mlangoni pa zizi, anabwekea wapita njia, kama aliyezaliwa hapo.